Uzi wa mukau: kutoka kokwa hadi ubao

#1 KokwaNgumu

Wakuu salaam. Nyuzi za mikaratusi na misaji zimejaa humu, lakini mtu wa nchi kavu akiuliza apande mti gani wa mbao anaambiwa "weka mikaratusi tu". Penye mvua ya milimita 500 kwa mwaka, tena inayokuja kwa vipindi viwili vya kukatikakatika, hilo si jibu. Kuna mti uliozaliwa huko huko: mukau.

Kwa wasioufahamu, ni Melia volkensii, ukoo mmoja na mwarobaini na mkangazi. Asili yake ni vichaka na misitu mikavu ya Kenya, Ethiopia, Somalia na nyanda kavu za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wakamba ndio wanaoujua zaidi, na jina tunalotumia ni lao. Ni mti wa wastani, mara nyingi mita 6 hadi 15, unaopukutisha majani kiangazi na kuchipua kabla mvua haijaanza. Unastahimili mvua ya milimita 300 hadi 800. Ubao wake ni mwekundu wa kahawia, mchwa hawaupendi, unarandika vizuri. Milango, fremu za madirisha, mizinga ya nyuki na vinu vya Ukambani vimetengenezwa kwa huu tangu zamani.

Sasa swali ambalo kila mtu analo: mbona haujaenea kama mikaratusi? Sababu kubwa ni kokwa. Ukichukua tunda ukalifukia, unaweza kukaa misimu miwili usione kitu. Mbegu yenyewe haina shida, ni nzima na inaota ndani ya siku chache ukishaitoa. Shida ni nyumba yake, ganda gumu kama mfupa, na ndani yake mbegu 1 hadi 4 kila moja chumbani kwake.

Naweka hatua za mbegu hapa, wengine waongeze:

Matunda hukomaa kama mwaka mzima baada ya maua, kwa hiyo usishangae kuona maua na matunda makubwa mti mmoja. Okota yaliyoanguka au yaliyogeuka kutoka kijani kibichi kwenda kijani cha kijivu au manjano hafifu. Yale mabichi kabisa kiini chake bado maji, ukikausha kinasinyaa. Usiokote chini ya mti mmoja ulio karibu na nyumba, hata ukiwa mzuri vipi. Zungukia miti 15 au zaidi, iliyonyooka, iliyoachana mita 100 hivi. Miche ya mama mmoja ikija kuzaliana yenyewe kwa yenyewe, kizazi kinachofuata kinadhoofika.

Toa nyama siku hiyo hiyo au kesho yake. Twanga kwenye kinu cha mbao kwa mchi, kwa kugonga kidogo tu, kisha osha kwa mchanga na maji. Nyama ikiachwa inachacha na ukungu unaingia. Anika kokwa kivulini penye upepo mpaka zilie kavu ukizitikisa kwenye gunia.

Kupasua: kokwa inasimamishwa au inalazwa kwenye ubao wenye kishimo, kisu kikali kinawekwa kwa urefu wake, unagonga mgongo wa kisu kwa nyundo ya mbao. Wataalamu wa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, kituo cha Kitui, wanatumia kisu kilichofungwa kwa bawaba kwenye ubao, fundi yeyote wa seremala anakutengenezea. Kisu kiingie ganda, kisipite katikati ya kokwa, maana mbegu ndipo zilipo. Ukitumia nyundo ya chuma au jiwe, ganda linapasuka ovyo na nusu ya mbegu zinatoka zimepondeka. Mbegu iliyochubuka nyama haioti, inaoza, na inaozesha jirani zake.

Mbegu nzima ni nyembamba, ngozi nyeusi au kahawia iliyokolea, ndani nyeupe. Iliyosinyaa, nyepesi au yenye tundu la mdudu, tupa.

Naishia hapo kwanza. Maswali?

#2 Mwanga_Kusini

Mkuu asante. Wazee wetu wanasema dawa ni kuzimwagia takataka kokwa na kuchoma, au kuokota zizini kwa mbuzi. Kwa nini tujisumbue na visu?

#3 KokwaNgumu

Njia zote mbili ni za kweli, ila zinakupa nini ndilo swali.

Mbuzi anakula tunda kwa ajili ya nyama, kokwa anaitema akicheua au inapita. Faida unayopata zizini ni kokwa zilizokwisha kumenywa, umeokoa kazi ya kinu. Ganda liko pale pale. Zizi ni mahali pazuri pa kukusanyia, si mahali pa kuoteshea. Na hujui mama wa kokwa hizo ni mti upi, ulionyooka au uliopinda.

Moto unafanya nyufa kwenye ganda. Ukiwa hafifu haufanyi kitu, ukizidi unaua kiini. Kwa hiyo unapata miche michache inayochomoza kwa muda wa miezi, mmoja leo, mwingine msimu ujao. Kwa mtu anayetaka miti 5 ya boma inatosha. Kwa mtu anayetaka miche 300 inayolingana kimo ili iende shamba siku moja, hapana.

#4 BiKitalu

Naomba niendelee pale alipoachia KokwaNgumu, maana wengi wanafika kwenye mbegu nzuri kisha wanaziua kitaluni.

Mbegu ikishatoka kwenye ganda haina ulinzi tena. Usiikalie. Kama huna nafasi ya kusia wiki hii, acha kokwa zikae hivyo hivyo kavu kwenye gunia, pasua siku mbili kabla ya kusia.

Maandalizi ya mbegu:

Kata ncha ndogo ya ngozi kwa wembe au mkasi wa kucha, kiasi cha kuona weupe tu. Usiingie kwenye nyama. Loweka usiku kucha, saa 12 hivi, kwenye maji ya baridi yaliyotiwa dawa ya kuvu kwa kipimo cha kwenye pakiti. Asubuhi ngozi imelainika. Hapo pasua ngozi kwa urefu, mstari mmoja, kwa ncha ya wembe mpya. Ngozi pekee. Mkono ukiwa mzito katika hatua hii, fanya mazoezi kwenye mbegu ulizozikataa. Mtu aliyezoea anamaliza mbegu mia kadhaa kabla ya adhuhuri. Asiyezoea asijilazimishe haraka.

Kwa nini zote mbili, kulowesha na kupasua? Maji yanapenya kupitia ncha, ila ngozi ikibaki imebana, kichipukizi kinapata tabu kutoka na ukungu unakiwahi.

Kitanda cha kusia ni mchanga wa mto, uliochekechwa na kuoshwa mpaka maji yatoke meupe. Kisha uchome: mimina kwenye bati au pipa lililokatwa, washa moto chini, geuza kwa koleo mpaka mvuke uishe. Uache upoe kabisa. Usitie samadi, usitie udongo wa msitu. Mbegu hii haihitaji chakula kwa wiki mbili za mwanzo, inahitaji usafi.

Jaza kwenye sanduku la mbao lenye mashimo chini, kimo cha sentimita 10. Lowanisha mchanga KABLA ya kusia. Laza mbegu, nafasi ya sentimita 2 hadi 3, funika kwa mchanga unene wa mbegu yenyewe, si zaidi ya sentimita 1. Weka fito za upinde juu, funika kwa nailoni nyeupe inayoonyesha, bana pembeni kusiwe na upenyo. Joto ndani ndilo linaloamsha mbegu, mukau unataka joto. Ukisia kwenye kivuli baridi chini ya mwembe utasubiri sana.

Zitaanza kuchomoza siku ya 3 au ya 4, nyingi zinakuwa zimetoka ndani ya wiki mbili. Maji: nailoni ikiwa na matone ndani, usimwagilie. Matone yakitoweka, nyunyiza ukungu mwembamba asubuhi. Ugonjwa unaomaliza miche hapa ni kinyausi: shingo ya mche inakuwa kama imeminywa usawa wa mchanga, unalala. Chanzo chake ni maji mengi na mchanga mchafu. Mche ulioanguka uutoe na mchanga unaouzunguka, na uache pembe moja ya nailoni wazi saa za mchana.

#5 Mpanda_Nyika

BiKitalu, unahamisha lini kwenye viriba? Na mchanganyiko gani?

#6 BiKitalu

Majani mawili ya kwanza yakifunguka na kabla majani halisi hayajawa marefu. Ukichelewa mzizi unakuwa mrefu na unakatika. Ng'oa kwa kijiti, shika jani, usishike shina. Shina la mche mchanga ukilibana kwa vidole umeliua, hata kama halionekani limevunjika. Fanya kazi jioni.

Kiriba cha upana wa inchi 4 na kimo cha inchi 6 kinatosha ukipanda baada ya miezi 3. Ukijua utachelewa, tumia cha inchi 5 kwa 8. Mchanganyiko: udongo wa juu ndoo 3, mchanga ndoo 2, samadi iliyooza kabisa ndoo 1. Kama udongo wako ni mfinyanzi, mchanga uwe ndoo 3. Samadi mbichi inaunguza, nadhani hilo kila mtu humu analijua.

Kivuli cha nyavu au makuti wiki mbili, halafu punguza kidogo kidogo. Baada ya hapo mukau unataka jua. Umwagilie udongo ukianza kukauka juu, sio kila asubuhi kwa mazoea. Majani ya chini yakigeuka manjano na mche ukadumaa huku udongo umelowa, mizizi inaoza. Majani yakiwa na vidoti vya rangi ya shaba na utando mwembamba chini yake, huo ni utitiri mwekundu, hupenda kitalu kikavu chenye vumbi. Nyunyizia dawa ya utitiri, maana dawa ya kawaida ya wadudu wengi haimgusi.

Kuhusu kalenda: Ukambani na sehemu nyingi za nyanda kavu za mashariki ya Kenya, mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa kuliko za masika. Kwa hiyo sia Juni au Julai. Mwezi wa mwisho kabla ya kupanda, punguza maji na inua viriba kukata mizizi iliyotoka chini, mche uzoee shida.

#7 JuaKali_Mtaa

Sasa dada, kwa anayenunua miche tayari. Atajuaje anauziwa mukau na si kitu kingine?

#8 Mpanda_Nyika

Swali zuri, na udanganyifu upo. Unaouzwa badala yake mara nyingi ni Melia azedarach, ule wa maua ya zambarau unaopandwa kama pambo mijini. Unaota kirahisi, ndiyo maana wauzaji wanaupenda.

Ikiwa bado miche midogo, yote miwili ina majani ya vijani vingi na kingo zenye meno, ni rahisi kuchanganya. Kwa hiyo usitegemee jani peke yake. Mwambie muuzaji akuonyeshe kokwa. Ya mukau ni kubwa, tunda lake kama sentimita 4 kwa urefu, linafanana na zeituni kubwa. La azedarach ni dogo la mviringo, manjano, linaning'inia vichala na kubaki mtini majani yakishapukutika. Mti mkubwa wa mukau una maua meupe, jani lake ni la kijani hafifu na vijani vilivyokomaa kingo zake huwa laini bila meno.

Muuzaji anayesema aliotesha "kwa kumwaga mbegu tu kitandani" hajauza mukau. Bei pia inasema: mche ambao mbegu yake imepasuliwa kwa mkono hauwezi kuwa wa bei ya mche wa mkaratusi.

Kama uko Kenya, anza na KEFRI. Wakishirikiana na shirika la Japani la JICA walichagua miti bora kutoka sehemu mbalimbali za nyanda kavu, wakaunganisha vikonyo vyake na kuanzisha mashamba ya mbegu Tiva, Kitui, na Kibwezi. Mbegu ya hapo ina ukoo unaojulikana.

#9 Mwanga_Kusini

Na kupanda kwa vipande vya mizizi? Nimesikia inawezekana.

#10 BiKitalu

Inawezekana. Mizizi ikijeruhiwa kwa jembe huwa inatoa machipukizi, na kipande cha mzizi kikifukiwa kwenye mchanga wenye unyevu kinaweza kuchipua. Vipande vya matawi ndivyo vigumu. Ila unadhoofisha mti mama, na miti yote inakuwa nakala ya mmoja. Kwa kuziba pengo shambani sawa, kwa ekari nzima hapana.

#11 Mpanda_Nyika

Shambani sasa.

Udongo: mchanga tifutifu au mwekundu unaopitisha maji. Udongo mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi na kutuama maji masika, achana nao. Mukau unavumilia kiu, haumudu miguu kukaa majini. Hili linawaponza wanaochimba mitego ya maji ya nusu mwezi: wanaweka mche katikati ya bakuli, mahali pa chini kabisa. Mvua kubwa ikija maji yanasimama siku tatu na mche unaoza shingo. Panda pembeni mwa bakuli, juu kidogo ya kina cha maji, mizizi itayafuata yenyewe.

Shimo sentimita 45 kila upande, chimba kiangazi, tenga udongo wa juu na wa chini. Changanya udongo wa juu na ndoo ndogo ya samadi, rudisha. Usipande mvua ya kwanza. Subiri udongo ulowe hadi sentimita 30, pima kwa kuchomeka fimbo. Kiriba kichanwe chote na kutolewa. Kata sentimita 1 au 2 za chini kama mizizi imejizungusha, la sivyo itaendelea kujizungusha na mti wa miaka minne utaangushwa na upepo. Shingo ibaki usawa ule ule iliokuwa nao kitaluni.

Nafasi: mita 4 kwa 4 inakupa miti 625 kwa hekta, kama 250 kwa ekari. Mita 5 kwa 5 ni 400 kwa hekta, 160 kwa ekari. Mvua yako ikiwa chini ya milimita 500, anza na 5 kwa 5. Mukau haupendi kubanana, hata na ndugu zake. Ukipanda mita 2 kwa 2 ukidhani utavuna nguzo, utapata fito zilizosimama kimo kimoja miaka nenda rudi.

Palilia duara la mita 1 kuzunguka mche miaka miwili ya kwanza. Nyasi ni adui kuliko ukame.

#12 MsumenoNaRanda

Mnisamehe niwakatize. Mmeeleza mbegu na shimo, lakini mimi ninayepasua mbao naona tatizo jingine. Mikau mingi inayoletwa ina shina la mita 1 na nusu, kisha uma. Hapo hakuna ubao wa mlango, kuna kuni na kiti cha jikoni.

#13 Mpanda_Nyika

Ndipo nilipokuwa naelekea, mkuu. Hii ndiyo kazi ambayo watu hawaifanyi, na ndiyo inayotenganisha mti wa mbao na mti wa kivuli.

Mukau kwa tabia yake hutanua matawi mapema. Usisubiri tawi likue ndipo ulikate kwa panga. Toa kichipukizi kikiwa bado laini, kwa kidole gumba. Angalia kwapani, pale jani linapoungana na shina: kuna kijicho cha kijani. Kisukume pembeni, kinadondoka. JANI LIACHE. Jani ndilo linalolisha shina, wengi wanang'oa jani na kichipukizi pamoja, mti unabaki uchi na unadumaa.

Anza wiki chache baada ya mche kushika shambani. Msimu wa mvua pita kila wiki au wiki mbili, maana vinachipua upya. Kiangazi mti umelala, pumzika. Endelea hadi shina safi lifike mita 3 au 4, kisha acha kichwa kitanuke. Unaweza kusogea hadi mita 5 kwa kusimama kwenye ngazi, ila zaidi ya hapo kichwa kinakuwa kidogo kuliko shina na unene unachelewa.

Ncha ikikatwa na mbuzi au mdudu, vitachipua vichwa viwili au vitatu. Acha vifike sentimita 10 hivi, chagua kilichosimama wima, vingine toa.

Kwa nini si panga? Kidonda cha kichipukizi kinafunga kwa siku chache na hakiachi fundo. Kidonda cha tawi nene kinaacha fundo, na kikichelewa kufunga kinaingiza uozo ndani ya shina. Kama tawi limekwisha kuwa nene, tumia msumeno mdogo, kata kwanza kwa chini kidogo, kisha juu, ili gamba lisichanike. Fanya wakati wa kiangazi.

#14 JuaKali_Mtaa

Mbuzi wanaupenda hivyo kumbe?

#15 KokwaNgumu

Sana. Majani yake yanachipua wakati nyika yote ni kavu, kwa hiyo kwa mbuzi, ng'ombe na twiga ni karamu. Kwa mfugaji hiyo ni faida: mti ukishakuwa mkubwa unakata matawi machache mwisho wa kiangazi na kulisha. Ila miaka miwili mitatu ya mwanzo, bila uzio usipande. Miiba ya migunga kuzunguka kila mche inatosha kwa mbuzi, haitoshi kwa ngamia.

#16 Mama_Pojo

Na mazao katikati? Wataalamu wa huku wanasema mukau hausumbui mahindi kabisa.

#17 Mpanda_Nyika

Hapo sikubaliani na wataalamu wako, dada. Imani hiyo ipo kwa wakulima wengi, inatokana na kwamba mti hauna majani kipindi fulani na kivuli chake ni chepesi. Lakini utafiti uliofanywa Kenya ulipima mizizi na mavuno, ukakuta mukau una mizizi mingi ya juu juu inayogombania maji na mahindi, na mavuno karibu na mti yanashuka.

Miaka miwili ya kwanza panda kunde au pojo (choroko), mstari wa karibu uwe mita 1 kutoka kwenye mche. Mazao mafupi ya jamii ya kunde yanakulipa palizi, na mti unapata palizi bure. Mahindi na mtama mrefu uyaweke mbali mwaka wa kwanza, yanaunyima mche jua nao unalala upande. Mwaka wa tatu au wa nne, usitegemee zao la maana chini yake isipokuwa nafasi ni pana sana. Hapo geuza iwe majani ya mifugo.

#18 Mama_Pojo

Nimekuelewa. Kwa hiyo anayetaka mahindi aweke mikau mpakani tu.

#19 Mpanda_Nyika

Mpakani, mstari mmoja, mita 5 kutoka mti hadi mti. Na azungumze na jirani kwanza, mizizi haijui mpaka.

#20 Mwanga_Kusini

Miche iliyopandwa vuli iliyopita imepukutisha majani yote. Imekufa?

#21 BiKitalu

Usiing'oe. Mukau hupukutika, ndiyo tabia yake. Kwangua gamba kwa ukucha karibu na ncha: ukiona kijani na unyevu, uko hai. Pakiwa kahawia, shuka chini sentimita 10 uangalie tena. Ukikuta kijani chini tu, ncha imekufa, mti utachipua chini, nawe utachagua kichwa kipya kama alivyosema Mpanda_Nyika. Usimwagilie kwa fujo ukidhani unauamsha. Kidogo kila wiki mbili mwaka wa kwanza kama maji yapo, na matandazo ya majani makavu yasiyogusa shina. Matandazo yakigusa shina yanaita mchwa. Ubao mkavu wa mukau mchwa wanaukwepa, ila mche mchanga uliochoka na kiu wanaumaliza.

#22 JuaKali_Mtaa

Majani yanatumika kama dawa ya wadudu kama mwarobaini?

#23 KokwaNgumu

Wafugaji wanapaka maji ya majani yaliyopondwa kwa wana-mbuzi kuondoa viroboto na kupe. Na tangu miaka ya 1980 kuna utafiti wa maabara ulioonyesha kwamba dondoo la matunda linazuia viluwiluwi vya mbu kukua. Kwa kunywa binadamu, hapana. Nyuki nao wanaupenda, maua yanakuja wakati nyika haina maua mengine.

#24 Mpanda_Nyika

Turudi kwenye mbao. MsumenoNaRanda, tupe hesabu ya kuvuna. Watu wanaambiwa miaka 10 wanashika shoka mwaka wa 8.

#25 MsumenoNaRanda

Sitaki kusikia miaka, nataka kusikia unene. Mahali pazuri miaka 10 hadi 15 inakupa mti wa kupasua, pabaya inazidi. Pima kipenyo kwenye kimo cha mita 1.3: zungusha futi kamba, gawanya kwa 3.14.

Gogo lenye kipenyo cha sentimita 20, ukilichonga mraba unapata upande wa sentimita 14 hivi. Pawasoo inakula milimita 9 kwa kila mkato. Kwa hiyo mbao za inchi moja unapata 4, upana inchi 5 na nusu. Gogo la sentimita 30 linakupa mraba wa sentimita 21: mbao 6, upana inchi 8. Zidisha mwenyewe idadi kwa upana: 22 dhidi ya 48. Unene umeongezeka nusu, mbao zimezidi mara mbili. Anayekata kwenye 20 anajiibia.

Tena gogo la 25: kwa pawasoo mbao 5 za inchi 7, kwa msumeno wa benchi wenye meno ya milimita 3 unapata 6. Miti ikiwa mingi, kodi msumeno mzuri.

Mwaka wa 5 au wa 6 vichwa vikianza kugusana, punguza: toa iliyopinda, yenye uma, yenye vidonda. Ukianza na 4 kwa 4, kufika mwisho ubaki na nusu hivi.

#26 Mpanda_Nyika

Na mbao mbichi?

#27 MsumenoNaRanda

Kata kiangazi, pasua wiki hiyo hiyo. Panga kivulini kwenye magogo yaliyoinuliwa sentimita 40 kutoka chini, vijiti vya inchi 1 kati ya tabaka, vipangwe vilingane juu kwa juu, kila sentimita 50. Vijiti visipolingana ubao unapinda kama wimbi. Paka rangi ya mafuta kwenye ncha zote mbili siku ya kupasua, hapo ndipo nyufa zinapoanzia. Weka mzigo juu. Ubao wa inchi moja upe miezi 3 kabla ya kugusa randa, fremu za inchi 2 ziache zaidi. Seremala anayetengeneza mlango kwa ubao wa wiki mbili atarudishiwa mlango.

Ule ubao mweupe wa nje, chini ya gamba, utenge. Wadudu wanaula. Kinachosifiwa ni kiini chekundu tu, ndiyo maana miti michanga haina sifa hiyo.

#28 Mwanga_Kusini

Kibali je?

#29 KokwaNgumu

Hata kama mti ni wako, shambani kwako, kusafirisha mbao barabarani kunataka karatasi. Kenya uliza ofisi ya Huduma ya Misitu, KFS, kabla ya kuangusha. Tanzania ni TFS, wakala wa huduma za misitu, na ofisi ya maliasili ya wilaya. Piga picha shamba wakati miti bado midogo na weka risiti ya miche, zitakusaidia kuonyesha kwamba uliipanda na hukuikata porini.

#30 JuaKali_Mtaa

Swali la mwisho: kokwa nilizoziokota ziko kwenye mfuko wa nailoni tangu Machi. Bado?

#31 BiKitalu

Zitoe leo. Nailoni inashika jasho. Zimwage juani nusu saa, kisha kivulini siku mbili, halafu pasua kokwa 10 uangalie. Kiini cheupe kigumu, zina uhai. Kikiwa cha manjano, kinanuka mafuta yaliyochacha au kina ukungu, tupa. Zikipita 7 kati ya 10, endelea na zote, ila ongeza idadi ya mbegu unazosia kwa theluthi. Na hamishia gunia la katani.